Kivinjari cha Bundi na Kona ya Mfereji

Jumatatu, 8 Septemba

Mama Okinyi, ziba huo mdomo. Nakuandikia humu kwenye daftari kwa sababu leo pasta alikuwepo, na mbele ya pasta mimi hutukana kwa macho tu. Macho hukuyaona, ulikuwa unacheka.

Mkutano ulikuwa wa soko. Soko letu la hapa Dagoretti lilibomolewa mwaka jana, sasa limejengwa upya, saruji na mabati yanayong'aa. Lazarus, karani wa kamati, akasimama na karatasi yake. Akasema vibanda arobaini havitagawanywa kwa kujuana. Kila mtu atachagua chake kwenye mtandao, Ijumaa saa nne asubuhi. Anayefika kwanza anachagua kwanza. Halafu akasoma kwa sauti ya redio: kila mmoja atumie kivinjari cha kisasa.

Nikauliza kivinjari ni mnyama gani. Watu wakacheka. Lazarus akasema ni brauza, mathe, ile kitu ya kufungulia mtandao. Nikamwambia kuvinjari ninakujua, ni kuzurura kwa watu waliosoma, na mimi sijazurura tangu niolewe.

Hapo ndipo Mama Okinyi alipojitia. Akasema, kwa sauti ya kufika hadi kichinjioni, kwamba brauza ya Mama Wesonga ni ile ya tufe iliyokuja na simu, ile ya kuzeeka nayo. Ati ukurasa ukinifungukia mimi, wenzangu watakuwa wameuza, wamefunga na wamerudi nyumbani kuoga. Yeye anatumia ile yenye picha ya chui. Inafungua kabla hujagusa.

Mimi nilifika darasa la nne. Yeye alifika la saba, akasahau yote njiani.

Niandike hapa ili ijulikane: kona ya mfereji ni yangu. Miaka kumi na mmoja nimeuza pale mrenda, saga na kunde. Lango hapa, mfereji wa maji ya bomba hapa, mboga zangu zinakaa mbichi mpaka jioni wakati za wengine zimelala kama wagonjwa. Caren wangu amesomeshwa na ile kona. Watu hawasemi wanaenda sokoni, wanasema wanaenda kwa Mama Wesonga wa mfereji. Nikiwekwa mahali pengine nitakuwa Mama Wesonga wa nini?

Pale palikuwa kibanda namba moja. Patabaki namba moja.

Nimeamua. Napima vivinjari vyote kabla ya Ijumaa. Kitakachoshinda, nahamia kwacho.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda Kileleshwa kwa Caren. Siku ya Jumanne binti yangu anafanyia kazi ya ofisi nyumbani, kumaanisha anavaa blauzi nzuri juu na khanga chini. Askari wa lango akaniuliza naenda nyumba gani na nimebeba nini. Nikasema kunde. Akaandika kunde.

Zilikuwa kunde za kupimia. Nilifikiria jambo hili njia nzima. Saa ya ukutani siiamini, inategemea betri. Mkono wangu hautegemei kitu. Nikichambua majani ya kunde, kikonyo kimoja ni kikonyo kimoja, jana na leo. Kwa hiyo: bonyeza, anza kuchambua, ukurasa ukifunguka acha, hesabu vikonyo. Caren aliangalia kunde, akaangalia simu. Akasema, Mama, watu wana njia zingine. Nikamwambia hao watu wakija sokoni hununua za juzi.

Tufe: vikonyo arobaini na moja. Nilikuwa nimekaribia kumaliza fungu. Aibu. Miaka yote hii nimeishi na kobe.

Caren akaniwekea Chui. Vikonyo tisa. Nikarudia. Tisa tena.

Iliniuma. Mama Okinyi kusema kweli ni jambo ambalo mtu hajajiandaa nalo.

Halafu Caren akatoka kwenye baraza kupokea simu ya mkubwa wake, akaniachia kompyuta. Nikaona juu ya kioo amefungua kurasa thelathini na saba, yeye anaziita vichupo. Thelathini na saba. Kimoja juu ya kingine, kama mtu anayefungua sufuria zote jikoni na hapiki chochote. Huyu ni mtoto niliyemfunza kufunga mlango akiingia na kuufunga akitoka. Nikavifunga. Kimoja kimoja, kwa utaratibu. Palibaki safi kama meza ya askofu.

Alirudi akakaa. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo kama nimegusa. Nikasema sikugusa, nimepanga. Akashika kichwa. Akasema palikuwa na kazi ya tangu asubuhi mle ndani. Akabonyeza kitu, vyote thelathini na saba vikarudi kama kumbikumbi. Kwa hiyo hakuna kilichopotea. Kwa hiyo kosa liko wapi?

Aliniitia boda kabla chai haijapoa. Mkubwa wake anamsumbua sana huyu mtoto, hata anasahau adabu.

Jioni mimi ni mtu wa Chui. Kwa sasa.

Jumatano, 10 Septemba

Kuna jambo.

Jana kwa Caren nilitafuta beseni. Beseni tu, la bluu, la kuweka mrenda. Nilitazama mara moja nikaacha. Leo asubuhi nimefungua Chui nisome tangazo la msiba wa jirani, chini ya picha ya marehemu: beseni. Nimefungua neno la siku, Zaburi, katikati ya mstari wa nne na wa tano: beseni. Nimefungua hali ya hewa. Mvua kidogo, na beseni.

Nani aliwaambia? Chumbani tulikuwa watatu: mimi, Caren na Chui. Caren hawezi.

Nikaenda mjini. Nyuma ya barabara ya Luthuli kuna duka la Munir, mtu wa Lamu, anatengeneza simu na ana saiba yenye kompyuta sita. Caren alininunulia simu hii kwake, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimemwona. Kijana wa heshima, kofia nyeupe, amepanga bisibisi zake kama vijiko vya harusi. Nikaingia. Akasimama kabisa. Akasema shikamoo bibi, karibu bibi, kaa hapa bibi.

Bibi. Mara tatu, mbele ya wateja.

Nikamwambia mzee wangu amekufa lakini hajaniacha, na hata kama ninatafuta mume sitaanzia Luthuli. Maskini alibadilika rangi. Akasema kwao bibi ni nyanya, ni mama wa mama, ni neno la heshima. Nikamwambia huku bibi ni mke, ni yule anayekupikia. Akaomba radhi. Nikampa radhi. Baada ya hapo hakunitoza hata hela ya chai.

Nikamweleza habari ya beseni. Hakucheka. Akafungua Chui kwenye kioo kikubwa, akanionyesha maandishi ambayo nimekuwa nikiyabonyeza bila kusoma: Kubali vidakuzi vyote. Nikauliza vidakuzi ni nini. Akasema hivyo ni vijiandishi vidogo ambavyo ukurasa unaviacha ndani ya simu ili ukirudi ukujue. Nikasema sijaelewa, hilo neno lenyewe lina maana gani. Akajikuna. Akasema, basi, kwetu mdakuzi ni yule mtu anayedaka siri za watu na kwenda kuzimwaga.

Inatosha. Nimeelewa kuliko walioandika.

Kumbe nimekuwa nikikubali wambea! Vyote! Kila siku, kwa kidole changu mwenyewe, ninawafungulia mlango watoto wa umbea wakae ndani ya simu yangu na wakimbie kwa wauza mabeseni. Na Mama Okinyi anayo hiyohiyo. Inamfaa. Ndege wa manyoya mamoja.

Nikamuuliza Munir kama kuna kivinjari kisicho na umbea. Akasema kipo, lakini bibi, samahani, mama, kina picha ya bundi.

Kwetu bundi akilia juu ya paa, asubuhi watu wanapiga simu nyumbani kuuliza ni nani. Munir akasema hata Lamu hapendwi, lakini huyu halii. Nikatoa kunde kwenye mkoba. Akaomba nisiangushe vikonyo kwenye kibodi. Nikabonyeza.

Vitatu.

Vikonyo vitatu. Cha tatu sikuwa nimekimaliza. Akaeleza kwamba ni chepesi kwa sababu kinakataa wadaku, kinakataa matangazo, na picha kubwa hakileti mpaka uziombe. Akaanza kusema jambo lingine, kwamba kuna vidakuzi vizuri, na kuna kurasa ambazo picha zake ni muhimu, na pale juu kuna mahali pa kubonyeza. Sikusikia mwisho wake. Nilikuwa nafunga mkoba.

Nimehama. Nimemwita Kuku ili asilete mkosi.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya akili.

Nimejiuliza: kuna faida gani mimi kukimbia kwa vikonyo vitatu wakati Mama Okinyi anakimbia kwa tisa? Tofauti ni sita. Vikonyo sita ni mtu kupiga chafya. Anaweza kunipita. Sasa, angerudi kwa Tufe je? Arobaini na moja.

Nikamwendea pale kando ya barabara tunapouzia kwa sasa. Nilichukua sura ya kilioni. Nikamwita kwa jina lake: Millicent, dada yangu, nimetoka mjini, nimeongea na mtaalamu. Hiyo Chui yako ni mdaku. Kila unachofungua inakipeleka.

Akasema niache wivu.

Nikamwambia jana ilipeleka beseni langu hadi kwenye msiba. Nikamuuliza kama yeye haoni vitu alivyotafuta vikimfuata. Akaacha kufunga saga. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akauliza kwa sauti ya chini kama inapeleka kila kitu. Nikasema kila kitu. Akauliza, hata dawa? Nikasema dawa ndizo inazipenda.

Sijui alitafuta dawa gani. Nitajua.

Akaniuliza afanye nini. Nikamshauri kama dada: rudi kwa Tufe. Ni mzee lakini ana heri, mtu mzee hakimbiikimbii na maneno. Akanipa simu mkononi, nikamwondolea Chui mimi mwenyewe. Aliponishukuru macho yake yalikuwa na maji. Akanipa ndizi mbili.

Nilizila. Ndizi hazina kosa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeshinda. Lakini niandike kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu nilikuwa nimekaa. Chai, simu, kunde. Mlango nimefunga. Saa nne kamili kwa redio, nikabonyeza Kuku. Kikonyo cha kwanza, cha pili, cha tatu, ukurasa huo. Juu palikuwa na mraba mkubwa wa kijivu, mtupu. Nikaupita. Sikuja kuangalia picha. Chini, namba: moja hadi arobaini, zote kijani. Hata mtu mmoja hajafika. Mimi peke yangu soko zima.

Kabla sijagusa, likaja lile swali. Ukurasa huu unatumia vidakuzi. Kubali? Hata kamati! Hata ndani ya nyumba ya kamati wamefuga wadaku. Nikabonyeza Kataa vyote. Nikaandika jina, nikabonyeza namba moja.

Ukurasa ukarudi mwanzo. Ukasema: Karibu, mgeni.

Mgeni. Mimi, niliyeuza Dagoretti kabla Lazarus hajaota ndevu.

Nikakataa tena, nikaandika jina tena, namba moja tena. Karibu, mgeni. Mara ya tatu. Mara ya nne niliandika jina kwa herufi kubwa labda hauoni vizuri. Karibu, mgeni. Na namba zikaanza kuwa nyekundu. Kumi na saba ikaenda. Thelathini ikaenda. Nilikiona kile kibanda kikienda na nikajiona mimi nikizunguka na karai kichwani kama msichana, umri huu, magoti haya.

Ishirini na nne ikaenda nyekundu. Nikacheka kidogo hata katika shida. Nani anakimbilia ishirini na nne? Pole yake.

Nikampigia Munir. Akapokea, akasema shikamoo bibi. Nikaiacha ipite, haukuwa wakati wake. Nikamweleza. Akasema ukurasa unanisahau kwa sababu nimemfukuza yule anayekumbuka jina langu. Akasema wapo wambea, na yupo mmoja kama mzee wa mlangoni kanisani, kazi yake ni kukujua sura tu. Nibonyeze Vya lazima pekee.

Nilikaa nikafikiri, na namba zinakwenda. Kukubali mdaku, baada ya yote niliyosema jana? Lakini kona ni kona. Nikaishika simu karibu na mdomo, nikamwambia yule kidakuzi: taja jina langu na namba yangu. Ukigusa habari ya nyumbani kwangu nitakutoa kama nilivyomtoa Chui.

Nikabonyeza. Jina. Namba moja.

Bado ilikuwa kijani! Vibanda ishirini na kitu vimechukuliwa, na namba moja hakuna aliyethubutu. Watu wananiheshimu. Ukurasa ukasema: Hongera, Mama Wesonga, kibanda namba 1 ni chako.

Nimesimama nikacheza mpaka jirani akagonga ukuta. Kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa nimetuma maneno mawili: Namba moja.

Mama Okinyi amejibu kwa picha ya mikono ya maombi. Aombe.

Jumamosi, 13 Septemba

Lazarus alituita sokoni kutuonyesha vibanda. Nilivaa gauni la Pasaka. Nikaenda moja kwa moja kwenye kona ya mfereji, nikaweka kiti.

Lazarus akaja na karatasi. Akasema mathe, samahani, hapa ni ishirini na nne.

Nikamwambia asome vizuri. Akasoma. Ati soko jipya limehesabiwa kuanzia nyuma. Ati kulikuwa na ramani juu ya ukurasa, kubwa, hata mfereji ulichorwa kwa tone la bluu, kila mtu ameiona. Nikamuuliza ramani gani. Akanionyesha kwenye simu yake. Ilikuwa imekaa pale pale kwenye ule mraba wangu wa kijivu.

Namba moja iko mwisho kabisa, upande wa kichinjio. Mbele kuna mtaro wa maji machafu, kulia ngozi zinaanikwa. Mbuzi mmoja alikuwa amefungwa pale. Tulitazamana.

Na ishirini na nne? Ni ya Mama Okinyi.

Alieleza mbele ya watu wote, hakuulizwa. Akasema angekuwa na Chui angebonyeza haraka tu namba yoyote. Lakini Tufe ilikuwa polepole, ukurasa ukashuka taratibu kama pazia, ramani ikaja kwanza, kipande kwa kipande, na yeye hana la kufanya ila kuitazama. Akaona tone la bluu. Akashangaa mimi mwenyewe nimeliacha. Akafikiri labda nimechoka na vurugu za langoni. Akasema, akina mama, namshukuru Mama Wesonga, ndiye aliyenirudisha kwa brauza ya zamani, Mungu ambariki.

Wakapiga makofi. Mimi nikayapokea. Makofi ni makofi.

Walipoondoka nilibaki pale kwenye kona kidogo. Nilitafuta mahali nilipokuwa nikiweka kiti, ule ubao uliolika kwa mgongo wangu. Ni saruji tupu. Mama Okinyi akaja nyuma yangu, akasema maji si ya mtu, nilete ndoo kila asubuhi, na kwamba kona ni pana, mafungu yangu mawili matatu yanaweza kukaa upande wake mpaka watu wazoee nilipohamia.

Anajisalimisha. Nimemwambia nitafikiria ombi lake.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka kanisani. Nimewaza vizuri, na sasa najua kosa liko wapi.

Si kwa Bundi. Bundi alikimbia vikonyo vitatu kama alivyoahidi. Si kwangu. Nilitaka namba moja, nimepata namba moja, nimeshinda watu arobaini. Caren amepiga simu, akasema Mama, ungesoma kabla ya kubonyeza. Nikamwambia kusoma ndiko kunakowachelewesha watu, amuulize Mama Okinyi. Akasema basi nikubali ile nafasi ya kando ya Mama Okinyi, ni jambo la upendo. Nikamwambia namba moja hakai kwa ishirini na nne, ishirini na nne ndiye anayekuja kwa namba moja.

Mchana, baada ya ibada, mama mmoja alinionyesha kivinjari kipya, kina picha ya kifaru. Ati kinashinda hata Bundi. Nimekiweka. Kimeuliza kama nakubali masharti yake, yalikuwa marefu, nimekubali. Vikonyo viwili na nusu. Nimepita mpaka ukurasa wa kamati. Juu kuna mraba wa kijivu. Safi kabisa, hakuna cha kusumbua macho.

Kwa hiyo kilichobaki ni kitu kimoja tu ambacho hakiko mahali pake. Mimi nimehama mara tatu wiki hii. Wengine nao wahame.

Lazarus, karani wa kamati: barua hii nitakuletea kesho kwa mkono, nimeinakili humu usije ukasema hukuipata. Kabla ya saa mbili asubuhi uje na fundi wa bomba na spana yake. Mng'oe ule mfereji kutoka ishirini na nne, muulete namba moja, na huyo mbuzi mmtoe kabla sijafika.